Je, Mapinduzi ya Zanzibar yalipangwa Havana?

Bado wapo wanaosema Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalikuwa kazi ya Wacuba. Uvumi huu una chanzo: vijana kadhaa wa Kizanzibari walikuwa wamepata mafunzo Cuba, na baadhi walionekana mitaani wamevaa kijeshi na kufuga ndevu kama wenzao wa huko. Wanadiplomasia wa Magharibi, waliokuwa wakiota Fidel Castro kila kona, wakaunganisha nukta.

Lakini usiku ule walioongoza uvamizi wa ghala za silaha za polisi, Ziwani na Mtoni, walikuwa watu wa visiwani na wahamiaji wa bara, akiwemo John Okello kutoka Uganda. Abdulrahman Babu, kiongozi wa chama cha Umma aliyetajwa sana kuwa mtu wa China, alikuwa Dar es Salaam. Hasira ilikuwa ya nyumbani: katika uchaguzi wa Julai 1963 ASP (Afro-Shirazi Party), chama cha upinzani, ilipata takriban asilimia 54 ya kura, ikaambulia viti 13 kati ya 31.

Mkono wa nje uliingia baadaye, na hapo ndipo uzito ulipo. Uingereza na Marekani zilichelewa kuitambua serikali mpya hadi Februari 23. Pengo hilo lilizibwa na Ujerumani Mashariki, China na Urusi. Nyumba za ghorofa za Kikwajuni na Kilimani zilitokana na msaada wa Wajerumani hao, waliosaidia pia kuunda idara ya usalama. Hofu ya Magharibi, kwa maoni yangu, ilichangia kuleta kile ilichokuwa ikikiogopa.