Mnara wa televisheni ukiongezwa urefu: faili la kibali hukwamia wapi

Wenye minara hupenda neno "kuboresha" kwa sababu linasikika dogo. Mnara upo, fensi ipo, majirani wameuzoea. Kinachoongezwa ni chuma kidogo na antena mpya. Ofisi ya mipango haipimi hivyo. Sheria ya mipango ya mwaka 2010 iliitangaza Uganda nzima kuwa eneo la mipango, kwa hiyo kilima cha Moroto, mbali huko kaskazini-mashariki, kinadai ruhusa sawasawa na kilima cha Kololo kilichomo jijini Kampala. Kubadilisha antena iliyokufa kwa nyingine ya umbo na uzito uleule ni matengenezo. Kupandisha mnara kutoka mita 45 hadi 60, kuongeza safu za antena, kupanua msingi au kusogeza nanga za nyaya (vizuizi vya ardhini ambamo nyaya za kuushikilia mnara hufungwa) ni ombi jipya, na nashauri ulichukulie hivyo tangu siku ya kwanza.

Kwanza jua mwombaji ni nani. Tangu matangazo ya analojia yalipozimwa Kampala mwaka 2015 na kuachia ya kidijitali, kituo cha televisheni na anayerusha mawimbi si lazima wawe mtu mmoja. Signet, kampuni tanzu ya UBC (shirika la utangazaji la taifa), hubeba vipindi vya vituo vingi kwa DVB-T2, mfumo wa kurusha televisheni ya kidijitali. Katika faili moja unaweza kukuta mwenye ardhi, mwenye mnara na mwenye leseni ya masafa, wote watatu tofauti. Ombi hutolewa na mwenye mnara, lakini barua za wale wawili lazima ziwemo, tena zikitaja urefu mpya, si "mnara uliopo".

Ardhi ndiyo inayochelewesha kuliko chuma. Kwenye mailo (umiliki wa ardhi wa kudumu, hasa Buganda), jina la kwenye hati ni moja na mtu anayelima pale ni mwingine mwenye kibanja, yaani haki ya kukaa na kulima kwenye ardhi ya mwenye hati. Saini ya mmoja haimfungi mwenzake. Kama ni ardhi ya familia, ridhaa ya mwenzi wa ndoa inahitajika. Hati yenye jina la marehemu haisaidii kitu mpaka warithi wapate barua za usimamizi wa mirathi. Kilima kikiwa ndani ya msitu wa hifadhi wa serikali kuu, mwenye nyumba wako ni NFA, mamlaka ya taifa ya misitu, na leseni yake ndiyo msingi wa kila kitu. Angalia pia muda uliobaki kwenye mkataba wa pango: hakuna maana kumwaga zege jipya kwenye pango lililobakiza miaka miwili.

Mnara unaoshikiliwa na nyaya una mtego wake. Nanga za nyaya kwa kawaida hukaa umbali wa asilimia 60 hadi 80 ya urefu wa mnara. Kwa mita 45 hiyo ni kama mita 30 kutoka kitovu. Kwa mita 60 zinaelekea 40 na zaidi. Kiwanja kilichotosha jana kinatoa nanga moja kwenye shamba la ndizi la jirani. Hapo utahitaji makubaliano ya maandishi na huyo jirani, au ubadilishe muundo uwe mnara wa miguu minne unaojisimamia, ambao unataka msingi mzito zaidi.

Sasa mhandisi. Ripoti ya uthabiti wa mnara iandikwe na mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi (ERB), na iandikwe kabla ya mchoro wowote wa kupeleka kwenye kamati ya mipango. Hesabu yenyewe haifichi kitu. Chukua mfumo wa antena za UHF (masafa ya televisheni) wenye paneli 16, safu nne kwa pande nne, kila paneli takriban mita moja kwa nusu mita. Eneo linalokabili upepo, ukihesabu na vishikio, linaweza kufika mita za mraba 4. Upepo wa mita 40 kwa sekunde, katika hewa ya kimo cha Kampala, unasukuma karibu kilonewtoni 0.9 kwa kila mita ya mraba. Ukiongeza kipengele cha umbo (namba inayoonyesha jinsi umbo la kitu linavyoshika upepo), unapata zaidi ya kilonewtoni 4 pale juu, na kwa mita 60 kitako cha mnara kinapokea nguvu ya kukipindua ya karibu kilonewtoni-mita 250 kutokana na paneli peke yake. Bado hujaweka dishi la mikrowevu, fida nene (kebo inayopeleka mawimbi kwenye antena) wala mwili wa mnara wenyewe. Paneli zilezile zikiwa mita 30, nguvu hiyo ya kupindua ingekuwa nusu. Ndiyo maana kusogeza antena juu bila kuongeza hata kilo moja kunahitaji hesabu mpya.

Ripoti nyingi huanguka kwenye msingi. Michoro ya minara ya zamani imepotea, na mhandisi huandika "msingi unadhaniwa kuwa". Kamati ikiona "unadhaniwa" inarudisha faili, na kwa maoni yangu ina haki. Chimba shimo kando ya msingi hadi chini ya zege, pima upana na kina, piga picha ikiwa na futi ya kupimia, kata sampuli ya zege ipimwe maabara. Vilima vyetu vina maramu (udongo mwekundu wa changarawe) ngumu juu, lakini maramu hiyo inaweza kuwa tabaka jembamba tu juu ya udongo laini. Bolti za nanga zikaguliwe kwa kutu pale zinapoingia kwenye zege, maana maji husimama hapo.

Urefu ndio unaoua faili nyingi kuliko kitu kingine. Mnara mmoja una urefu zaidi ya mmoja, na kila ofisi inauliza wake. Mnara wa chuma mita 60, mlingoti wa antena juu yake mita 2.5, fimbo ya radi mita 1.5: jumla mita 64. Mhandisi anaandika 60. Ombi la masafa kwa Tume ya Mawasiliano, UCC, linataka kimo cha katikati ya antena, labda 57. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, UCAA, inataka ncha ya mwisho kabisa, 64, pamoja na kimo cha ardhi juu ya usawa wa bahari. Namba zote tatu ni za kweli, lakini ukiziandika "urefu wa mnara" bila maelezo, afisa anayesoma faili anaona waombaji watatu wasioafikiana. Tengeneza ukurasa mmoja wenye mchoro wa ubavuni na namba zote hizo zikiwa zimepewa majina, kisha uambatishe ukurasa uleule kila ofisi.

Nukta za GPS nazo zina balaa la kwetu. Ramani za zamani za Uganda zimechorwa kwa mfumo wa vipimo wa Arc 1960, simu na usafiri wa anga vinatumia mfumo mwingine, WGS 84, na tofauti ya nukta ileile kati ya mifumo hiyo miwili ni kama mita 300. Halafu ikweta inapita katikati ya nchi: sahau kuandika kama latitudo ni kaskazini au kusini, na mnara wa Kololo unahamia ndani ya Ziwa Victoria. Kuhusu kimo, GPS ya mkononi inaweza kutoa kimo cha duaradufu (kinachopimwa kutoka umbo la dunia la kihesabu) kisicholingana na usawa wa bahari, tofauti ikiwa mita kadhaa. Mlipe mpima ardhi aliyesajiliwa, aandike mfumo alioutumia.

UCAA iombwe mapema, kwa sababu jibu lake linaweza kukata mnara wako. Kwa viwango vya kimataifa vinavyofuatwa na nchi wanachama wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ndani ya kilomita 4 za uwanja mkubwa kuna dari ya kufikirika ya mita 45 juu ya kimo cha uwanja, na nje yake dari hupanda taratibu. Entebbe iko kimo cha mita 1,153, na vilima vingi vya Buganda vinapita hapo bila mnara wowote. Usisahau viwanja vidogo kama Kajjansi, Soroti, Kasese na Gulu. Mbali na viwanja, kitu chenye mita 150 au zaidi kutoka ardhini huhesabiwa kizuizi popote kilipo.

Rangi na taa hazimo kwenye bajeti za wengi. Mnara mrefu hupakwa mikanda saba, mwekundu na mweupe kwa zamu, mkanda wa juu na wa chini ukiwa mwekundu, kila mmoja ukiwa moja ya saba ya urefu. Kwa mita 45 mkanda ni mita 6.4, kwa mita 63 ni mita 9. Maana yake ukiongeza sehemu juu huwezi kupaka sehemu mpya tu. Mnara mzima unapakwa upya. Ukivuka mita 45, taa hafifu iliyokuwa kileleni haitoshi tena: inatakiwa ya nguvu ya wastani, kwa kawaida nyekundu inayomweka mara 20 hadi 60 kwa dakika usiku. Iwe na betri yake, kwa sababu umeme ukikatika ndipo giza linapokuwa kubwa.

Kwa NEMA, mamlaka ya mazingira, swali la kwanza ni kama mnara wa sasa una cheti cha mazingira. Ukiwa nacho, unawaandikia kuhusu mabadiliko; usipokuwa nacho, usishangae ukiambiwa ulete kwanza ukaguzi wa mazingira wa kilichopo. Sheria inayotumika ni ya 2019 pamoja na kanuni za 2020, na mtaalamu anayeandika ripoti lazima awe amesajiliwa. Jihadhari na nakala za zamani zinazotaja kanuni za 1998. Namba za vifungu vya sheria nyingi pia zilibadilika toleo jipya la sheria za Uganda lilipoanza kutumika Julai 2024, basi usinakili vifungu kutoka faili la miaka mitano iliyopita.

Mkutano wa kijiji, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) akiwepo, utaleta maswali matatu kila mara: mionzi, radi, na mnara kuanguka. Jibu la mionzi litoe kwa namba. Transmita ya kilowati 1, ikipita kwenye fida na kukuzwa na antena, inaweza kutoka kama kilowati 6 za nguvu sawia, yaani nguvu inayoonekana upande ambao antena inaelekeza mawimbi. Mwongozo wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, kwa umma kwenye megahezi 500 ni wati 2.5 kwa mita ya mraba. Kwa nguvu hiyo mtu angefikia kikomo akiwa umbali wa kama mita 18 mbele ya antena, kwenye mwale wenyewe. Yaani akielea hewani mita 57 juu. Chini ni kidogo sana, na unaweza kuwaahidi vipimo kabla na baada, ukivitimiza. Anayekaribia hatari ni fundi anayepanda, na kwa ajili yake transmita hupunguzwa nguvu au kuzimwa.

Radi usiichukulie kama ushirikina. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo, na watu hawajasahau. Onyesha mchoro wa athi, yaani njia ya kupeleka umeme wa radi ardhini: pete ya shaba kuzunguka msingi, matawi yanayokwenda mbali, fensi na nyumba ya transmita vikiunganishwa humo. Juu ya mwamba wa kilima kupigilia fimbo nyingi hakufai. Ukanda wa shaba uliolazwa mlalo hufanya kazi vizuri zaidi. Pima ukinzani msimu wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu, ukilenga omu 10 au chini.

Baada ya hayo, kamati ya mipango yenyewe huwa nyepesi. Peleka ramani ya eneo ikionyesha nyumba, shule na zahanati zilizomo ndani ya mduara wenye nusu kipenyo sawa na urefu wa mnara, michoro, hati, barua za UCC na UCAA, cheti cha NEMA na kumbukumbu za mkutano zenye saini. Ukipewa ruhusa hiyo bado hujapewa ruhusa ya kujenga. Kibali cha ujenzi hutoka kwa kamati ya majengo chini ya sheria ya 2013. Waliomwaga zege kwa ruhusa ya kwanza peke yake wamewahi kubandikiwa amri ya kusimamisha kazi.

Kazi ikiisha, mpima ardhi arudi apime ncha ya mwisho, na namba hiyo iende UCAA na UCC. Mafundi hubadilisha fimbo ya radi kwa iliyopo stoo, ya mita 3 badala ya 1.5, na mnara wa mita 64 unakuwa 65.5 bila mtu kuandika popote.