Stenti kwa moyo haitake teste ya kukimbia kila mwaka

Kuna ile mesaji inazungukaka kwa magrupu ya WhatsApp hapa Goma, ati mutu mwenye aliwekwa stenti (kale kabomba kadogo kanafunguaka mushipa wa moyo) lazima apandishwe kwenye tapi ya kukimbia kila mwaka, hata anajisikia muzuri, juu mushipa utaziba kimya kimya. Haiko ivo. Utafiti moja wa Korea Kusini, mwaka 2022, ulifwata wagonjwa 1,706 wa hatari kubwa, bamoja bakapimwa mwaka kisha stenti, bengine bakapimwa tu kama kuko sababu, na kisha miaka 2 vifo, mshtuko wa moyo na kulazwa juu ya kifua vilikuwa karibu sawa, 5.5% na 6.0%. Batu banachanganya juu teste yenyewe ni ya kweli, inasaidiaka kama maumivu ao pumzi fupi imerudi; bila dalili inaweza kudanganya, na unarudishwa kuingizwa waya kwa mishipa ya moyo bila sababu, na dola ni zako.

Kenye kanalinda ni dawa, usiache aspirini wala ya kolesteroli bila munganga, na rendevu zako uende. Muulize: "majibu itabadilisha nini kwa dawa zangu?" Kifua kikikamata sana, hospitali palepale. Mesaji ile tuache kuituma, bazee betu banaiaminiaka.