Kutofautiana Siko Kunakotukwamisha

Wengi huamini kwamba mijadala ya umma imekwama kwa sababu watu wako mbali mno kimawazo, na kwamba hakuna tatizo la pamoja litakalotatuliwa mpaka kwanza wote wakubaliane. Si kweli, na imani hiyo yenyewe inazidi kupanua ufa.

Mwaka 2019 shirika la More in Common lilitoa utafiti uliofanywa Marekani. Wafuasi wa vyama vya Democratic na Republican walikadiria kuwa takriban 55% ya wapinzani wao wana misimamo mikali. Uhalisia ulikuwa kama 30%. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba waliofuatilia habari karibu muda wote walikosea kuliko waliozifuatilia mara mojamoja. Wachache wenye hasira ndio wanaosema sana, na sauti zao huchukuliwa kuwa za upande mzima. Ukishaamini kuwa wa upande wa pili ni adui, hata pendekezo lake zuri utalikataa kabla hujalisoma, na mwanasiasa anayetafuta mwafaka ataitwa msaliti.

Tofauti zenyewe hazizuii kazi. Ireland iligawanyika vikali kuhusu utoaji mimba kwa miongo kadhaa. Kuanzia 2016, baraza la raia 99 waliochaguliwa kwa nasibu lilisikiliza wataalamu na pande zote, kisha likapendekeza katiba ibadilishwe ili sheria iweze kuruhusu utoaji mimba. Wapo waliobaki wakipinga, na ni haki yao. Lakini suala lilifika kwenye kura ya maoni ya Mei 2018 likiwa limechambuliwa, na 66.4% wakaunga mkono mabadiliko.