Je, wajua kwa nini simu bado inakuambia uweke barafu kwenye mguu ulioteguka?

Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na lava ikapita katikati ya mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, hadi ziwani. Mpaka leo tunakanyaga mawe yake meusi, uani na barabarani. Ukishuka vibaya kwenye pikipiki pale Birere, unyayo unapinda kwa ndani, na kabla hujafika nyumbani kifundo kimevimba kama andazi. Unaandika kwenye simu: mguu umeteguka, nifanye nini? Majibu yanafanana: pumzika, weka barafu, funga bandeji, inua mguu.

Ushauri huo una mwenyewe. Gabe Mirkin, daktari wa wanamichezo huko Marekani, aliutoa mwaka 1978. Mwaka 2014 alirudi akaandika kwamba barafu na kulala tu vinaweza kuchelewesha kupona, kwani uvimbe ni sehemu ya mwili kujitibu. Barafu hutuliza maumivu, hilo halijabadilika. Lakini waliomnakili hawakurudi naye. Na intaneti haina daktari anayepanga majibu: mtambo wa kutafuta huangalia, pamoja na mengine, maneno uliyoandika na kurasa ngapi zinaelekeza kwenye ukurasa fulani, hivyo ushauri wa zamani ulionakiliwa na wengi unaweza kukaa juu.

Mwaka 1997 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha mambo manne ya kuangalia kwenye ukurasa wa afya: nani kaandika, katoa wapi, lini, na nani anaugharamia. Mimi huanza na tarehe. Hata hivyo ukurasa unaweza kuwa na yote manne na bado ukakosea, kwa hiyo natafuta pia kama unaeleza jinsi ya kutambua mfupa uliovunjika. Kwetu hilo ni kubwa, maana wengi hukimbilia kukandwa, na mfupa uliovunjika ukikandwa unaweza kusogea.

Kipimo chenyewe kilitoka Ottawa, Kanada, mwaka 1992, na hakihitaji mashine. Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa mfupa unaotokeza kila upande wa kifundo, kuanzia ncha yake ya chini na kupanda sentimita 6. Kisha mwambie aliyeumia atembee hatua nne, hata kwa kuchechemea. Kama mfupa wenyewe unauma ukibonyezwa, au hatua nne zilimshinda alipoumia na bado zinamshinda, asiguswe na mkandaji. Apelekwe kupigwa picha.