Nyuzi nyeupe kwenye mrija si DNA tupu
Wengi waliojifunza kutoa DNA ya bakteria maabara huamini kuwa nyuzi nyeupe zinazojitokeza alkoholi baridi inapomiminwa ni DNA safi. Ni rahisi kuamini hivyo, maana DNA imo kweli. Ila alkoholi huifanya RNA, molekuli jamaa ya DNA, nayo ijitenge na maji, pamoja na mabaki ya protini. Tena uzi mmoja wa DNA una unene wa nanomita 2 tu. Unachokiona ni fungu la nyuzi nyingi mno zilizosokotana.

Jipimie: gawa sampuli, nusu moja itie kimeng'enya cha kuvunja RNA, kisha zipitishe zote kwa umeme kwenye jeli, inayotenganisha molekuli kwa ukubwa. Ukungu wa chini ya jeli ukitoweka kwenye nusu yenye kimeng'enya, ulikuwa RNA. Uwiano wa 260/280 (mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 ukigawanywa kwa ule wa 280, kipimo cha usafi) ukikaribia 1.8 unatia moyo, lakini peke yake hautoshi.