Damu kujaa kifuani bila ajali wala kupigwa

Watu wakisikia damu imejaa kifuani wanawaza bodaboda au kisu, lakini sisi wa wodi ya kifua tunapokea pia kijana ambae hakuanguka wala hakupigwa, alikua amekaa tu kikamshika kichomi cha ghafla upande mmoja, baada ya masaa machache anahema juu juu, jasho la baridi, akisimama anaona giza, na nyumbani walishampa panadol wakijua ni gesi. Huyo sio wa kusubiri asubuhi.

Inakuaje? Kwa vijana hasa wa kiume pafu linaweza kutoboka lenyewe likasinyaa, na likisinyaa linachana vimishipa vilivyokua vimeshikana na ukuta wa kifua, ndo hewa na damu vinajaa pamoja. Wengine wanatumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na hawaendi kupima damu, wengine ni saratani, hemofilia (ugonjwa wa kuzaliwa nao wa damu kutoganda vizuri), au mshipa mkubwa umepasuka. Kuna pia wadada ambao nyama za mji wa mimba zimeota mpaka kifuani, kila akiingia hedhi kifua kinauma, mara nyingi upande wa kulia. Dada kama ni wewe sema, hata kama daktari hajauliza, maana sisi wenyewe tunasahau kuuliza.

Eksirei au utrasaundi itaonyesha kuna maji, ila maji mekundu sio lazima yawe damu, hata TB inaweza kuleta. Tunavuta kidogo kwa sindano tunapima, chembe nyekundu zikifika nusu ya zile za damu iliyotolewa mkononi, hiyo ni damu kweli.

Hapo ni oksijeni, dripu, grupu la damu lijulikane, halafu mpira unapitishwa mbavuni chini ya kwapa kwenda kwenye chupa yenye maji. Ukiona nesi kabandika plasta kwenye chupa kaandika saa na kuchora mstari, usiibandue, ndo tunahesabia. Damu ikitoka 1,500 ml kwa mpigo, au 200 ml kila saa kwa masaa 2 mpaka 4, anaenda tieta (chumba cha upasuaji). Damu ikibaki ndani inaganda, inaweza kuwa usaha au gamba linalobana pafu lisitanuke tena.

Na ndugu mnaouguza, chupa ikae chini sakafuni muda wote, msiipandishe kitandani hata kama mnafagia, yaliyotoka yatarudi kifuani.