Mashabiki wameongezeka, meli ipi iwabebe?

Nimefanya kazi melini miaka kadhaa, nikihudumu kwenye kumbi za burudani. Safari moja meli yetu ilikodiwa na mashabiki wa kipindi cha televisheni. Jioni ya pili kulikuwa na mazungumzo na waigizaji katika ukumbi wa viti 300, na watu waliofika walikuwa zaidi ya 700. Nikaambiwa nifunge mlango.

Nje alibaki mama mmoja wa makamo, amevaa gauni alilolishona kwa mkono wake, shanga moja moja, kazi ya miezi. Akaketi juu ya zulia pale ujiani, akaegemeza sikio kwenye mlango, akasikiliza hivyo hivyo hadi mwisho. Nilipomletea kiti aliniuliza kitu kimoja tu: wenzake walioko ndani wamevaa nini? Na meli yenyewe ilikuwa kubwa, mpya, inang'aa. Usiku ule baa zake na mabwawa yake yalikuwa matupu. Aliyeichagua alikuwa amehesabu vitanda tu.

Tangu siku hiyo, nikisikia kundi la mashabiki linatafuta meli, wawe wa muziki, wa filamu au wa mpira, swali langu la kwanza huwa ni hili: mtakaa wapi mkitaka kukaa pamoja? Majibu ninayopewa yamejaa dhana ambazo zimeshawagharimu wengi.

Dhana: Kundi likikua, tafuta meli yenye tani nyingi zaidi.

Ukweli: Tani zinazotajwa kwenye matangazo ya meli hazihusiani na uzito. Ni kipimo cha ujazo, yaani nafasi yote iliyofungwa ndani ya meli, kwa utaratibu wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1969 ulioanza kutumika 1982. Ndani ya hesabu hiyo mna chumba cha injini, stoo za chakula, majiko na malazi ya mabaharia. Kwa hiyo tani peke yake haikwambii utapata wapi pa kukaa.

Mfano mzuri ni safari ya mashabiki wa muziki wa metali (heavy metal) iitwayo 70000 Tons of Metal. Ilianza Januari 2011 kutoka Miami, ndani ya Majesty of the Seas, meli ya mwaka 1992 yenye tani karibu 74,000, na jina la safari likatokana na tani hizo. Mwaka 2015 walihamia meli za muundo uitwao Freedom, zenye zaidi ya tani 154,000. Jina halikubadilika, lakini hali ya ndani ilibadilika. Ukigawanya tani kwa idadi ya abiria wakiwa wawili wawili chumbani, Majesty inakupa kama 31 kwa kila mtu, na meli za Freedom zinakupa zaidi ya 42. Hesabu hii ndogo kila mwandaaji aifanye kabla hajaangalia picha hata moja. Ikishuka kuelekea 30, jiandae kwa foleni za chakula na za lifti.

Hata hesabu hiyo haimalizi kazi. Safari ya kawaida ya kitalii huendeshwa kwa kutegemea kwamba watu watatawanyika: huyu yuko kasino, yule mezani, mwingine ameshalala. Onyesho lile lile hurudiwa mara mbili au tatu kwa usiku, basi hakuna haja ya ukumbi wa kuwatosha wote. Norwegian Pearl, iliyojengwa 2006 na ambayo imebeba safari nyingi za mashabiki, inachukua abiria karibu 2,400 wakiwa wawili wawili chumbani, na ukumbi wake mkuu una viti takriban 1,000. Kwa wageni wa likizo hiyo inatosha kabisa. Mashabiki ni watu wa namna nyingine. Wote wamelipa kumwona mtu yule yule, na wote wanamtaka saa ile ile.

Kwa hiyo ukienda kwa wakala, omba ramani ya sitaha zote na idadi ya viti vya kila ukumbi, pamoja na kumbi ndogo, kiwanja cha kuteleza kwenye barafu kama kipo, na mkahawa unaoweza kufungwa kwa ajili yenu. Mimi ningechagua meli ndogo yenye kumbi tano za kati kuliko jitu lenye ukumbi mmoja wa fahari na maduka matupu.

Dhana: Meli ya abiria 3,600 inabeba mashabiki 3,600.

Ukweli: Namba hiyo kwa kawaida ni ya watu wawili kwa kila chumba. Wakiongezwa kitanda cha tatu na cha nne, idadi hupanda. Wakija watu wanaolala peke yao, na mashabiki wengi husafiri peke yao, idadi hushuka, huku chumba kikilipiwa karibu sawa na cha watu wawili. Waimbaji, mafundi wa sauti na waandaaji nao wanahitaji pa kulala, na vyumba vyao hutoka kwenye hesabu hiyo hiyo.

Halafu kuna boti za kuokolea. Kila kabini imepangiwa kituo cha kukusanyikia, na kila kituo kina kikomo chake. Kituo kikijaa, kitanda cha tatu hakiuzwi hata kama kipo na kimetandikwa. Nimewaona waandaaji wakibishana na kampuni juu ya jambo hili kana kwamba ni roho mbaya. Sisi tunaoikumbuka MV Bukoba, Mei 1996, na MV Nyerere, Septemba 2018, hatuhitaji kuelezwa kwa nini namba ile haipindwi. Baada ya Costa Concordia kuzama Januari 2012 na kuua watu 32, kanuni za kimataifa zilibadilishwa: tangu 2015 zoezi la usalama hufanyika kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka, ilhali zamani iliruhusiwa hadi saa 24 baada ya abiria kupanda. Usipange shoo ya ufunguzi igongane na zoezi hilo.

Wale wa metali walipopata meli kubwa hawakukimbilia kujaza kila kitanda. Kwa miaka mingi wametangaza tiketi kama 3,000 tu, na hakuna eneo la VIP. Shabiki anaweza kupanga foleni ya chai nyuma ya mpiga gitaa wake. Ukiongeza watu kupita kiasi, hicho ndicho cha kwanza kupotea.

Dhana: Tukishafika mia tano, tukodi meli nzima.

Ukweli: Kukodi meli nzima ni kulipia kila kabini, iuzwe isiuzwe. Mkataba husainiwa mapema, mara nyingi mwaka mmoja na nusu au miwili kabla, arubuni inatolewa wakati hata nusu ya tiketi haijauzwa, na kampuni inaweza kudai fidia ya mapato ya vinywaji na kasino ikiona watu wenu si wanywaji wala wacheza kamari. Mia tano kwenye meli ya elfu mbili ni deni.

Njia ya pili ni kuchukua vyumba vya kundi ndani ya safari ya kawaida. Kampuni nyingi huanza kuwahesabu kuwa kundi mkifika vyumba 8. Mnapata bei ya kundi, na mkizungumza vizuri mnapewa ukumbi kwa saa fulani. JoCo Cruise, ya wapenzi wa muziki na michezo ya mezani, ilianza hivyo mwaka 2011, kundi miongoni mwa abiria wengine. Wakakua taratibu, na mwaka 2017 ndipo walipoichukua meli nzima. Walipoichukua hawakujidanganya kuhusu ukumbi mkuu. Wageni hugawanywa pande mbili, Red na Gold: upande mmoja ukila chakula cha jioni, mwingine uko kwenye onyesho, kisha wanapishana. Mpango huu naupenda sana, kwa sababu hakuna anayeachwa ujiani. Kwetu wahudumu ni kazi ngumu, maana ukumbi wa watu mia nane unapaswa kusafishwa na kujazwa tena ndani ya nusu saa, lakini ni kazi unayoifanya kwa moyo.

Dhana: Meli mpya ndiyo itawavuta watu.

Ukweli: Shabiki havutwi na bomba la kuteleza majini. Atakuja kwa sababu ya wenzake na ya jukwaa. Meli ya miaka kumi na tano ambayo mafundi wake wanajua kila soketi iko wapi inafaa zaidi.

Dhana: Bandari tutaitazama baadaye.

Ukweli: Bandari huchagua meli kabla yenu. Watu wenu wakiwa wengi karibu na Tampa, Florida, meli kubwa za leo zisahauni. Kuingia bandari hiyo ni lazima kupita chini ya daraja la Sunshine Skyway, na nafasi kati ya maji na daraja ni takriban mita 55. Miami na Fort Lauderdale hazina kizuizi hicho. Mwendako pia kuna yake. Grand Cayman haina gati la meli za kitalii, hivyo abiria hushushwa kwa mashua. Elfu mbili wakishushwa kwa mashua, asubuhi nzima imekwenda, na picha ya pamoja ufukweni mliyoitangaza haipigwi.

Dhana: Ukumbi usipotosha, tutapanda sitaha ya juu.

Ukweli: Inawezekana, na jukwaa kando ya bwawa chini ya nyota ni kitu ambacho sijakiona kwingine chenye raha ile. Lakini meli ikienda noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, upepo unaokupiga usoni ni wa kilomita 37 kwa saa hata kama hewa imetulia. Ukija wa mbele, unajumlishwa. Maikrofoni zinavuma, mapazia yanachanika, na nahodha ana mamlaka ya kusimamisha shoo wakati wowote. Jukwaa lenyewe haliwezi kuundwa meli ikiwa bado na abiria wa safari iliyotangulia, kwa hiyo siku ya kwanza msilitegemee.

Msimu nao una neno. Katika Karibea vimbunga vinatazamiwa kuanzia Juni hadi Novemba, ndiyo maana safari nyingi za mashabiki huangukia Januari, Februari na Machi. Huku kwetu meli za kitalii huonekana zaidi Mombasa na Zanzibar wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari. Anayeota safari ya mashabiki kwenye mwambao huu aanzie hapo. Wakati wa kusi, kundi zima litalala vyumbani na ndoo pembeni, ukumbi uwe na viti vingapi.